Shofere akikataa kutoka mu barabara, asipewe azabu

Mvula iko karibu. Hapa Lubumbashi watu wameanza kutazama mabati ya nyumba na kuzibua mifereji. Kule mu pori, juu ya plato, kuna motokari zinazokimbia kuliko kawaida. Za kwanza ni za timu za kutafuta madini, zinazotaka kumaliza kutoboa mashimo mbele udongo uanze kuteleza. Za pili ni zetu sisi watu wa muji: siku ya posho asubuhi mutu anakusanya wandugu, anajaza vinywaji mu jipu, wanaenda kuona maporomoko ya Lofoi mu Parke ya Kundelungu, maji yale yanayoanguka zaidi ya mita 300. Si mubaya, hata mimi nimeenda. Lakini timu ile na wandugu hawa wana tabia moja. Barabara ikizunguka, wao wanakata. Majani ni mafupi, pahali ni wazi, jipu inavuta ku magurudumu yote 4, basi kuzunguka ya nini?

Ninajua ule mukato sababu nimeufanya. Mu mwaka wa 2009 nilikuwa musaidizi ku mashine ya kutoboa, mu kompani moja ambayo jina lake nitaliacha, ndani ya eneo la uwindaji lililolindwa na serikali upande wa Lualaba. Kutoka kambi mpaka ku shimo letu, barabara ilizunguka dembo moja kubwa, kilomita 11. Ukipita katikati ya dembo, kilomita 3. Ilikuwa mwezi wa 11, mvula mbili tatu zilikuwa zimeanguka. Mukubwa wa timu alitazama saa yake, akamwambia shofere apite katikati. Shofere alikuwa muzee, mutu wa Kasenga, alijibu kwa heshima: « Patro, udongo iko na mayi kule chini. Tukiingia pale, hatutatoka bule. » Mukubwa akamujibu: « Papa, usinifundishe kazi. Pita. »

Tulipita. Tulizama mpaka ku milango. Siku ya pili walituma mashine ya minyororo kuja kutuvuta, nayo ikapasua ule udongo mweusi kama mutu anapasua nguo. Kisha, sababu njia ilikuwa imekwisha kufunguka, kila mutu akaitumia. Alama ya kwanza ikawa tope, motokari ya pili ikapita pembeni, ya tatu pembeni ya pembeni, na mbele mwezi wa 12 uishe kulikuwa njia sita zinazolala pamoja kama vidole. Shimo letu halikutoa kitu. Timu ikahama.

Mu 2016 nilirudi pale kwa kazi ingine. Zile njia sita zilikuwa zimekuwa korongo moja. Niliingia ndani, kingo zake zilinifika ku kifua. Na jambo lililonishangaza zaidi, dembo lenyewe upande wa juu lilikuwa limekauka. Maji yaliyokuwa yanalala pale mpaka mwezi wa 8 sasa yalikuwa yanakimbia yote mu korongo, wiki moja kisha mvula yameisha. Mahali pa majani ya kijani palimea vichaka vya ovyo. Kilomita 8 tulizookoa zilikula dembo nzima.

Sasa, wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu wa mine ao watoto wa watu wa mine, kwa hiyo sitaeleza jambo hili kama mwalimu wa shule. Munajua kompaktere, ile mashine yenye silinda ya chuma. Tunapotengeneza uwanja chini ya bwawa la maji ya kiwanda, ao barabara ya kupitisha kamio kubwa, tunafanya nini? Tunamwaga udongo, tunaunyunyizia maji kidogo, tunapitisha kompaktere, watu wa labo wanakuja kupima kama umeshikana vizuri. Tunataka nini? Tunataka maji yasipite. Tunataka hewa yote itoke ndani ya udongo, matundu yote yafunge, mizizi isipate pa kuingia. Na tunaweka maji kwa sababu udongo wenye unyevu unashikana vizuri kuliko udongo mukavu. Shofere yeyote wa kompaktere anajua pia kwamba safari za kwanza njo zinafanya kazi kubwa. Za mwisho ni za kumalizia tu.

Basi jipu yenye tani 3 mu dembo kisha mvula ni kompaktere. Tofauti ni kwamba hakuna mutu wa labo, na hakuna mutu aliyeomba kazi ile. Na wale wanaosema « nilipita mara moja tu, haina neno » wanajidanganya, sababu ile mara moja ya kwanza njo ilifunga matundu. Mara ya kumi inaongeza kidogo tu.

Kisha maji. Mvula ya kwetu haianguki kwa upole. Lubumbashi inapata karibu milimita 1200 kwa mwaka, na karibu yote inashuka kati ya mwezi wa 11 na mwezi wa 3 ao wa 4. Udongo muzima wenye majani unakunywa mvula ile. Udongo uliokanyagwa haukunywi, na alama ya gurudumu ni mufereji tayari. Ukiwa juu ya mutelemko, maji yanakusanyika mule, yanapata nguvu, yanachimba. Erozio tunazoogopa mu muji, zile zinazokula nyumba, zinaanza vile vile: maji yaliyokusanywa pamoja na kuachiliwa mu mutelemko bila mutu wa kuyatuliza.

Mu plato za Kundelungu, Kibara na Biano kuna jambo lingine. Mutu wa muji akifika kule anaona uwanja wa majani mafupi, anafikiri ni pahali patupu, pa kuchezea jipu. Lakini miti ya pale imejificha chini. Kuna mimea mingi ambayo shina lake na matawi yake yako ndani ya udongo, juu inatoa tu majani ya urefu wa kidole, ili moto wa kila mwaka ukipita usiiue. Udongo wenyewe mu sehemu nyingi ni muchanga, hauna mafuta, mizizi ile njo inaushika. Gurudumu linalozunguka pale bila kusonga mbele linakata mu dakika moja kitu ambacho moto wa miaka mingi haukuweza kukata. Hata mu kipwa, wakati wa vumbi, wakati kila mutu anasema « sasa ni pakavu, hakuna shida », ile ngozi nyembamba ya juu ya udongo inavunjika, na upepo wa mwezi wa 9 unachukua iliyobaki.

Mara ngapi nimesikia « itamea tena ». Pengine. Lakini kwa wakati gani? Mu jangwa la California, Marekani, jeshi la jenerali Patton lilifanya mazoezi ya vifaru mu mwaka wa 1942, mbele ya kwenda kupigana Afrika ya Kaskazini. Alama za vifaru vile zinaonekana mpaka leo. Utasema kule ni jangwa, kwetu kunanyesha. Sawa, basi twende karibu, Penga Penga, hapa hapa Lubumbashi, upande ambao upepo ulikuwa unapeleka moshi wa kiwanda kilichoanza kuyeyusha shaba mu 1911. Kule si magurudumu yaliyoharibu, ni moshi na shaba, ninajua. Lakini kila mutoto wa muji huu ameona udongo mutupu ni nini, na ameona namna mabwana wa Fakulte ya Kilimo ya Unilu wanavyohangaika kurudisha majani kidogo pale. Tunajua bei ya kurudisha, kwa hiyo tusiongee kama watu wasiojua.

Mutaniuliza: mutu wa sendika anatafuta nini mu mambo ya majani na punda milia? Wenzangu wengine wamekwisha kuniuliza, na wamecheka. Nitajibu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni samaki. Lofoi inashuka kutoka Kundelungu inaingia mu Lufira. Lufira inaenda kukutana na Lualaba kule mu bonde la Upemba, mu maziwa yale ambayo watu wa Bukama na Kikondja wanavua, na samaki yake tunakula hapa, mubichi ao mukavu. Udongo unaotoka juu ya plato haupotei, unashuka na maji, unalala mahali samaki wanatagia mayai. Mama anayeuza samaki mu soko ya Kenya hajaona Kundelungu, lakini kazi yake inaanzia kule.

Ya pili ni haki, na hapa nitakaa kidogo.

Parke ya Upemba iliwekwa tarehe 15 mwezi wa 5, 1939. Kundelungu mu 1970. Watu waliokuwa wanalima na kuwinda mule waliambiwa watoke, na mpaka leo mama wa Mitwaba akivuka mupaka na jembe lake kulima mihogo, anajua anaweza kufukuzwa. Sheria ya ulinzi wa asili, namba 14/003 ya tarehe 11 mwezi wa 2, 2014, inakataza ndani ya maeneo haya kazi zote zinazopingana na ulinzi wake. Sipingi sheria ile. Punda milia wa mwisho wa inchi yetu nzima wako Upemba, na walinzi wa ICCN wamekufa kwa kuwalinda. Lakini jembe la mama linafungua udongo wa sentimita 15, na kisha miaka miwili mitatu akiliacha shamba lile, pori linarudi. Jipu yenye vioo vyeusi inapita pale pale, inakanyaga, inaacha njia ambayo kila mvula itaichimba zaidi, na mulinzi anapiga saluti. Tukitaka mama aheshimu mupaka, inaomba gurudumu nalo liheshimu.

Mu eneo la uwindaji la Basse-Kando, karibu na Kolwezi, mambo ni magumu zaidi, sababu permis za mine zimelala juu ya eneo lenyewe. Kodi ya mine ya 2002, iliyorekebishwa mu 2018, inakataza kutoa haki ya kuchimba ndani ya eneo lililolindwa. Sisi tunaofanya kazi kule tunajua kwamba karatasi na uwanja ni vitu viwili. Wakubwa na waendelee kubishana juu ya mipaka, hata mimi nina maneno yangu juu ya ile, siku ingine. Lakini wakati wanabishana, motokari zinapita kila siku.

Na njia ikifunguka, haibaki ya kompani peke yake. Mwezi wa kwanza anapita geologi. Mwezi wa tatu inapita pikipiki ya muwindaji na nyama ndani ya mufuko. Mwaka wa pili zinapita baiskeli za makala, na nani atawazuia, sisi wote tunapikia makala hapa Lubumbashi. Sisemi geologi ndiye anayekata miti. Ninasema yeye ndiye anafungua mulango, kisha anaenda zake bila kuufunga.

Inchi jirani zimepita mu shida hii mbele yetu. Mu Kenya, mu Maasai Mara na Amboseli, jipu za watalii zilikuwa zinafwata simba na duma ndani ya majani mpaka alama zikajaa uwanja kama wavu. Leo mu Mara na mu Serengeti ya Tanzania ni makatazo kutoka mu barabara, na mwenye kutoka anaweza kulipishwa faini. Kila mutu anajua kwamba wengine wanavunja. Lakini angalia nani anabeba muzigo: ni shofere. Mutalii amelipa pesa mingi, anataka picha ya karibu, anamusukuma shofere, anamuonyesha noti. Mulinzi akifika, jina linaloandikwa ni la shofere.

Kwetu ni vile vile, ila badala ya picha kuna mapange ya kazi ya siku: mita ngapi za kutoboa, sampuli ngapi ku labo mbele ya saa 10. Ninajua shofere mumoja, baba wa watoto watano, ambaye mu mwezi wa kwanza wa mwaka jana alikataa kukata dembo moja ndani ya eneo lililolindwa. Hakutukana mutu. Alisimamisha motokari, akasema atazunguka. Walifika ku shimo na dakika 40 za kuchelewa. Kesho yake alipata barua, ile tunaita demande d'explication. Aliijibu vizuri, aliandika kwamba udongo ulikuwa na maji na kwamba pahali pale ni pa hifadhi. Wakamupa siku tatu za mise à pied, bila mushahara, kwa sababu ya « kukataa amri ». Nilimusindikiza kama mujumbe wake mbele ya wakubwa, na ninakubali kwamba sikuwa na karatasi yoyote ya kuweka juu ya meza. Mu konvansio yetu kuna mambo ya viatu, ya kofia, ya maziwa, ya prime ya usiku. Juu ya udongo, hakuna hata neno moja. Sisi wa sendika hatukuliomba hata siku moja. Ile ni makosa yetu, si ya patro peke yake.

Na wasituambie kwamba haiwezekani kuchunga. Mu mine nyingi kila pikapu iko na kifaa kinachojua iko wapi na inakimbia namna gani. Shofere akipita mwendo uliowekwa, kinalia, na jina lake linafika ku biro ya usalama mbele yeye mwenyewe arudi. Akisahau mukanda, vile vile. Kifaa kile kile kinaweza kuchorewa barabara za ndani ya hifadhi, na mutu wa biro ataona kila gurudumu lililotoka. Ila kikitumika vile, kitaonyesha pia nani alikuwa ameketi pembeni ya shofere na kutoa amri. Pengine njo maana hakuna mutu aliyekiomba.

Mambo mengine ni ya akili tu, hayahitaji kikao. Mvula ikinyesha usiku, ngojea udongo ukauke mbele ya kuingia mu dembo hata kwa barabara yake. Shimo likiwa mita 300 kutoka barabara, simamisha motokari na tembea, tulizaliwa na miguu. Ukikuta alama za zamani zimekuwa mubaya, usifungue zingine pembeni. Njia ambayo haitatumika tena ifungwe siku ya kuondoka, si mwaka unaofwata: watu wanne na majembe, wanakata mifereji midogo ya kutoa maji pembeni kila hatua 20 ao 30 ku mutelemko, wanalaza matawi na majani juu. Ni kazi ya siku mbili. Nimeifanya, mgongo uliuma, lakini mvula ya mwaka ule haikupata pa kuanzia.

Na wewe ndugu unayeenda Lofoi siku ya posho, hauna patro anayekusukuma. Wewe mwenyewe ndiye patro. Usimutume mutoto wako kuendesha quad juu ya plato kwa sababu hakuna nyumba.

Narudi ku sendika. Kifungu ninachotaka kiingie mu konvansio ni mistari mitatu tu. Nimekiandika hivi:

« Shofere ao mufanyakazi yeyote anayekataa kutoka mu barabara iliyokubaliwa ndani ya eneo la hifadhi, ao kukata udongo wenye maji, hafanyi kosa. Hapana kumwandikia demande d'explication, hapana kumukata mushahara. Mwenye kutoa amri ya kutoka mu barabara anaandika jina lake, saa na sababu mu kitabu cha motokari, na anatia sinyatire. »

Ule musitari wa mwisho najua utaleta kelele kuliko yote. Nitapeleka karatasi hii ku kikao cha wajumbe siku ya posho ya kwanza ya mwezi unaokuja. Shofere mwenye maneno bora kuliko haya ayalete mbele ya siku ile, hata kama ni kwa mukono ku karatasi ya daftari.